Mgonjwa Aliyekaribishwa Kisiwani

Kiti cha mgonjwa kilikuwa na joto. Daktari alikigusa kwa bahati tu, alipokisogeza aokote kalamu iliyoanguka, na mkono wake ukakuta joto la mahali ambapo mtu ameinuka sasa hivi. Lakini hakuna aliyekikalia asubuhi hiyo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa bado nje, akibishana na nesi kuhusu nani alitangulia. Na chumba, kilichotoka kupigwa deki kwa dawa kali, kilinuka moshi wa kuni zilizozimwa kwa maji.

Aliijua harufu ile. Ilikuwa ya kisiwani.

Mtu mwingine angeogopa. Yeye alipandwa na hasira, kwani tangu arudi kutoka kisiwani alikuwa mtu wa hasira asubuhi na jioni, na ukisikia kisa chake utampa haki yake. Hospitali yao ndogo haikuwa na mashine ya ultrasaundi, ile ya kumwona mtoto tumboni. Wajawazito wenye shida walipelekwa mbali, na wengine hawakufika. Ndipo televisheni ikatangaza shindano: watu watupwe kwenye kisiwa kitupu bila chakula, kamera ziwatazame wanavyohangaika, na atakayebaki wa mwisho atimiziwe ombi lake moja. Daktari akachukua likizo, akaenda kuomba mashine. Alikula konokono. Alikula mizizi ambayo mbuzi mwenyewe angeiuliza jina kwanza. Wenzake walipokatwa na mawe aliwafunga vidonda kwa vipande vya shati lake, mpaka shati likaisha.

Alfajiri moja, homa na njaa zimemlevya, akasikia mtu anakohoa mlangoni pa kibanda chao cha majani. Daktari ni daktari hata usingizini. Bila kufumbua macho akayasema maneno aliyoyasema tangu aanze kazi: karibu, ingia, keti, unasumbuliwa na nini?

Mlangoni hapakuwa na mtu. Kamera ilikuwapo.

Jioni iliyofuata watu wote wakamwona kwenye televisheni akilikaribisha giza, na kicheko cha kurekodiwa kimebandikwa juu ya picha. Wenzake, wale wale wa shati, wakampigia kura ya kumtoa, wakidai amerukwa na akili. Mashine ikaenda na maji. Mtaani hakuitwa tena daktari, aliitwa Karibu-Ingia. Vijana wakayafanya maneno yake mlio wa simu. Kuna mama alikuja kupimwa presha, simu yake ikalia mkobani kwa sauti ya daktari mwenyewe, naye akacheka huku anaona haya. Siku ile presha iliyopanda haikuwa ya yule mama.

Nyumbani daktari aliishi na mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki. Binti huyo alikuwa mjamzito, mumewe yuko kazini mbali, na kwa utani hakuwa na mshindani. Siku dada yake aliporudi, begi mgongoni, alimsubiri mlangoni, akanyoosha mkono kama mhudumu wa hoteli, akasema: "Karibu, ingia. Keti. Unasumbuliwa na nini?" Daktari alimpita akaingia ndani. Hakugeuka kuona kama kulikuwa na mwingine nyuma yake. Nani angegeuka?

Tangu siku hiyo mdogo mtu akawa anakula kuliko wanaume wa ujenzi, na anakonda. Mikono ikawa vijiti. Akasema chakula hakina ladha, ni kama kutafuna pamba. Daktari akampima kila kinachopimika: damu safi, sukari safi, kifua safi, minyoo hakuna. Kisha akapitisha utepe juu ya tumbo, akaupitisha tena, akaenda kusimama dirishani ili mdogo wake asimwone uso. Tumbo lilikuwa dogo kuliko wiki iliyopita.

Na jua lilikuwa halijazama, watoto wa jirani wanacheza uani, redio ya mtu inaimba ng'ambo ya ukuta, pale wawili hao walipoketi kula na daktari akasikia tumbo likiunguruma, akadhani ni la mdogo wake, likaunguruma tena, refu, la chini, tumbo la mtu mzima aliyeshinda na njaa si siku moja wala mbili, na sauti haikutoka upande wa mdogo wake bali upande wa pili wa meza, kwenye kiti ambacho hakuna mtu aliyekikalia, na harufu ya moshi uliozimwa ikapanda juu ya sahani, na mvuke wa chakula, uliokuwa ukipaa vizuri tu, ukapinda na kuelekea kule.

"Dada," mdogo wake alinong'ona. "Umesikia?"

"Nimesikia. Kula."

"Mtoto hajacheza tangu jana."

Daktari hakulala. Maisha yake yote aliwacheka waganga, akiwaita wezi wa mchana, na kulipokucha akaenda kwa mmoja huku anajitukana njia nzima. Alikuwa bibi mfupi anayetibu kwenye chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mimi nafukuza wavamizi," alisema. "Huyo hakuvamia. Ulimkaribisha, ukamketisha, ukamuuliza anaumwa nini. Jini ambaye tangu azaliwe hajaulizwa anaumwa nini, halafu umuulize wewe. Ulitegemea aende wapi?"

"Mimi nilikuwa na homa."

"Yeye hajui homa. Anajua kukaribishwa. Na mdogo wako naye akamkaribisha. Sasa kwako anakaa kama mgonjwa, kwa mdogo wako anakula kama mgeni."

Daktari akauliza atatokaje. Bibi akamwambia hatatoka kwa fimbo wala kwa dawa. Atatoka akiitwa na mwingine, kwa mdomo wake huyo mwingine, mbele ya kile kiti alichokizoea hospitalini. Na huko aendako atakula vile vile.

"Mimi ni daktari, bibi. Sitoi ugonjwa kwa mtu nikampa mtu."

"Basi tafuta sanda ndogo," alisema bibi, bila ubaya wowote, na akaita aliyefuata.

Aliporudi kazini alifunga mlango akasimama mbele ya kile kiti. Alimtukana aliyekikalia matusi ambayo nesi, upande wa pili wa mlango, hakujua kama daktari wake anayajua. Akamwambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye siku zake zimekwisha. Akamwambia amepona, aende. Akamwambia kwamba mtoto yule hajamkosea mtu. Kiti kikalia kidogo, kama kinavyolia mtu anapojiweka sawa. Tumbo likaunguruma.

Siku hiyo hiyo mtangazaji wa lile shindano akapiga simu. Kuna kipindi maalumu, cha moja kwa moja, washiriki wote wanarudi, na watazamaji wanamtaka Karibu-Ingia. Wiki nzima daktari alikuwa akikata simu zake. Leo aliuliza swali moja: je, anaweza kuja na kiti chake cha hospitali? Mtangazaji alifurahi mpaka akapaliwa.

Kiti kikapakiwa nyuma ya gari. Njia nzima daktari alijiambia bado hajaamua. Kioo cha nyuma hakukitazama.

Kwenye chumba cha kupakwa poda mtangazaji alikuja kumsalimia, mtu wa meno mengi na manukato mengi, akamshukuru kwa kuwachekesha watu. Halafu, kwa kuwa alikuwa na furaha na mdomo huponza kichwa, akamwambia siri. Ile alfajiri vinasa sauti vilinasa na jibu.

"Jibu gani?"

"Mtu alikujibu. Kasema njaa. Sauti nzito kweli, mafundi wangu walikataa kuisikiliza mara ya pili." Akacheka. "Tukaikata. Ilikuwa inaharibu kichekesho."

Daktari alimtazama kwenye kioo. Basi walijua. Walijua hakuwa mwendawazimu, wakamvua nguo mbele ya watu wote, wakamnyima mashine, wakamwacha aende nyumbani na kitu walichokisikia kwa masikio yao, akiingize mlangoni kwa mdogo wake. Kiapo chake cha udaktari kilikuwa na nguvu sana. Kwa huyu mtu mmoja, kikaisha.

Mbele ya kamera kiti kiliwekwa katikati ya jukwaa, kitupu, taa zote juu yake. Mtangazaji akamwomba daktari ayarudie yale maneno. Daktari akasema hapana, leo yaseme wewe, ukikitazama kiti. Wewe peke yako.

"Mimi peke yangu? Uchoyo huo," mtangazaji alisema, akaigeukia kamera. "Mpo nyumbani? Tazameni kiti hiki. Baba, mama, watoto, wote kwa pamoja, nikihesabu tatu."

Daktari aliinuka. Alipiga kelele wasiseme, zimeni, toeni watoto mbele ya televisheni, akakimbilia kukiangusha kile kiti, lakini walinzi walishamshika mikono, na fundi wa sauti, aliyezoea kukata vinavyoharibu kichekesho, akakizima kinasa sauti cha daktari, hata majumbani watu wakaona mwanamke anafungua mdomo bila sauti na wakazidi kucheka, na ukumbi ukasema, na mitaa ikasema, madirisha yote yamefunguliwa kwa sababu ya joto, sauti za wazee na za watoto wadogo wasiojua kutamka vizuri, karibu, ingia, keti, unasumbuliwa na nini, na katikati ya makofi daktari akaona kitambaa cha kiti, kilichokuwa kimebonyea, kikiinuka polepole mpaka kikawa sawa.

Nyumbani alimkuta mdogo wake jikoni, televisheni imezimwa tangu mchana kama alivyoagizwa, anakula mkate kwa mikono miwili huku analia. "Una ladha, dada. Na huyu amenipiga teke, weka mkono." Daktari akaweka mkono. Teke lilikuwa la nguvu. Alilia naye, na hakumwambia kitu.

Asubuhi foleni ya hospitali ilitoka mlangoni, ikapita geti, ikashika barabara. Hakuna aliyebishana kuhusu nani alitangulia. Walisimama kimya, mikono juu ya matumbo, na hewa yote ilinuka moshi uliozimwa kwa maji. Wa kwanza alikuwa mama mwenye kitoto kichanga. Alinong'ona kwamba kinanyonya tangu jana jioni hakijaachia, na yeye hana kitu tena.

Daktari alifungua mdomo, akaufunga. Akamwonyesha kiti kwa mkono tu.

Nje, mkobani mwa mtu, simu ikalia, kwa sauti yake mwenyewe daktari, ya homa na usingizi: karibu, ingia, keti, unasumbuliwa na nini? Na foleni nzima, toka mlangoni mpaka barabarani, ikajibu kwa ile sauti moja nzito waliyoikata: njaa.