Jina Alilopewa Tumpe

Kila mchana kengele ilipogongwa, wanafunzi wa shule moja pale Uyole walijipanga jikoni, kila mmoja na bakuli lake, kupokea makande ya mahindi na maharage. Juliana na Tumpe walizoea kusimama pamoja na kugawana ukoko wa sufuria. Lakini muhula ule Tumpe alimaliza chakula chake, akaomba masazo ya wenzake, kisha akaukwangua ukoko wote peke yake. Maji ndiyo usiseme. Hata hivyo sketi ilizidi kumpwaya.

Siku moja Mwalimu Faustina aliwataka wataje maneno yanayotokana na kula. Wakataja mlo, chakula, mlaji. Juliana, mwenye kinyongo cha ukoko, akanyoosha mkono.

"Mlafi, mwalimu. Kama Tumpe."

Darasa likaangua kicheko. Jina likamganda. Tangu hapo, wakati wa chakula Tumpe alijificha nyuma ya madarasa, bakuli tupu mapajani. Juliana alimwona, akapita.

Haukupita muda, Tumpe akaanguka mstarini asubuhi, midomo imekauka, anahema kwa shida. Akakimbizwa hospitali mjini. Bibi yake, Atuganile, ndiye aliyeleta habari shuleni: mtoto ana kisukari, na atachomwa sindano maisha yake yote. Jioni ile Juliana alipiga magoti kuomba. Aliomba huku akilia.

Jumamosi mwalimu alimpeleka hospitalini kumwona mgonjwa. Juliana akaomba msamaha huku ameinama. Tumpe akajiinua kitandani.

"Nilikuwa nasikia njaa, Juliana. Njaa kweli."

Bibi, aliyekaa kando ya kitanda, akamvuta Juliana karibu.

"Mjukuu wangu, mlafi si kila anayekula sana. Mlafi ni yule anayekula na kumsahau mwenzake. Huyu alikuwa anaumwa, na mwili wake ulikuwa unaomba msaada. Ukiona mtu anakula, anakunywa maji mno, na bado anakonda, mwambie mkubwa. Usimpe jina. Mungu ametuachia huyu, tumshukuru."

Tumpe aliporudi shuleni, hakuna aliyelitaja jina lile. Juliana alikwangua ukoko, akaushika mkononi bila kuuonja, akangoja. Tumpe alimega kipande kidogo, kile alichoruhusiwa, akamrudishia uliobaki.

"Kula na wewe," alisema.

Juliana akaketi kando yake, akala.