Hodi ya Nne

Jua lilikuwa linazama Fundi Friji alipokaza skrubu ya mwisho, akashuka kwenye stuli na kujisifu kimoyomoyo. Mchana alitengeneza mafriji ya watu. Jioni alichokonoa vyombo vya umeme kwa kujifurahisha tu, na mimi nasema afadhali angekuwa analala.

Juu ya mlango alikuwa amefunga maikrofoni, spika ya redio mbovu, na kidude cha kurekodi sauti alichokitoa tumboni mwa mdoli. Mtu akipiga hodi, kidude kinaitikia, kitasa cha umeme kinafunguka. Sauti ilikuwa ya mama yake. Alimrekodi kwa siri juzi, mama alipokuwa akimwitikia jirani yao, fundi cherehani.

Mama huyo alikuwa amepooza upande wa kushoto, mwaka wa pili huo yuko kitandani chumba cha uani. Mwili ulilala, ulimi haukulala. Kila hodi alimwita mwanawe akafungue, na mwanawe alikuwa amemchoka, tusifichane.

"Mlangoni ulikuwa unagonga nini?" mama alimuuliza mwanawe alipoingia chumbani kwake.

Akamweleza. Mama akamtazama kwa hasira.

"Umeichukua sauti yangu bila kuniuliza?"

"Sauti tu, mama. Sijachukua figo."

"Kitoe. Binadamu hupiga hodi tatu, asipoitikiwa huenda zake. Anayepiga ya nne si mtu, na hizi ndizo saa zake. Hicho kidude chako kinajua kuhesabu?"

"Kinajua kusikia. Inatosha."

Tena, kwa kuwa fundi cherehani ana sauti ya chini, mjuaji wetu akarudi kwenye stuli na kuiongeza nguvu maikrofoni mpaka mwisho, isikie hata kisichosikika. Kisha akaenda jikoni kunawa mikono.

Hakusikia hodi. Alisikia jibu tu.

"Karibu, pita ndani."

Kitasa kikalia... ta.

Alipofika sebuleni mlango ulikuwa wazi na barazani hapakuwa na mtu. Kimesikia upepo, alijisemea, ingawa pazia lilikuwa limetulia tuli. Akaurudishia mlango.

"Nani amekuja?" mama aliita kutoka uani.

"Hakuna mtu."



"Mbona nimejisikia namkaribisha?"

Hapo ndipo harufu ilipompita begani. Harufu ya nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye ndoo siku nyingi. Ilipita polepole, kama mtu anayetazama nyumba ya wenyewe, ikaelekea uani.

Kiti cha kamba kando ya kitanda cha mama kikalia.

Fundi aliruka juu ya stuli akang'oa nyaya zote, na betri akaitupa chini. Kazi bure. Mgeni alikuwa ameshaketi.

Alipoingia chumbani, kile kiti kilikuwa kitupu. Lakini kamba zake zilikuwa zimebonyea mpaka karibu na sakafu.

"Usimwangalie," mama alinong'ona. "Anauliza nani amemkaribisha."

Fundi alifungua mdomo. Alijua vizuri kabisa anayepaswa kusema "mimi" ni nani. Mdomo ukabaki wazi, neno halikutoka. Aliogopa, basi.

Mama alimngoja. Alimngoja sana. Kisha akakigeukia kile kiti.

"Ni mimi. Sauti ni yangu."

"Anataka nini?" fundi aliuliza.

"Anataka kusindikizwa. Nipe kandambili zangu."

"Mama, huwezi kutembea."

"Utakwenda wewe?"

Aliinama akamvalisha mama yake kandambili.

Mama akasimama. Miaka miwili hajasimama, na akasimama. Kamba za kiti zikainuka pamoja naye. Akaanza kwenda, mguu wa kushoto ukiburuzika sakafuni, shwaa... shwaa... na ile harufu ubavuni mwake. Mlangoni aligeuka.

"Nikirudi nitapiga hodi. Uniitikie kwa mdomo wako mwenyewe."

Majirani walimtafuta siku mbili. Fundi alipowaambia mama ametoka kwa miguu yake, walimtazama kama mwizi. Fundi cherehani alimkatalia hata salamu.

"Hata msalani mama yako alikuwa hawezi kwenda peke yake," alisema. "Umemfanya nini?"

Siku ya tatu, jua likizama, fundi alikuwa sebuleni gizani. Akasikia barazani.

Shwaa... shwaa...

"Hodi."

Sauti ya mama.

Aliinuka akafungue. Lakini hata kidude cha mdoli kilikuwa na sauti ya mama, naye hakuthubutu kuchungulia dirishani, ingawa lilikuwa hatua mbili tu. Akajiambia: nitahesabu. Ikija ya nne, si yeye. Isipokuja, nitafungua.

"Hodi, mwanangu."

Alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi..."

Alingoja ya nne. Alingoja huku jasho likimtiririka, akiiomba ije, ili awe amefanya sawa.

Haikuja.

Shwaa... shwaa... shwaa... Ikawa inakwenda mbali.

Alipofungua, baraza ilikuwa tupu. Kwenye vumbi kulikuwa na mburuzo wa mguu wa kushoto, umekuja mpaka kizingitini, ukasimama, ukarudi ulikotoka. Aliufuata hadi kwenye lami, ukapotea.

Tangu siku hiyo hafungi mlango. Kila jua likizama anaketi kizingitini akiita, kwa mdomo wake mwenyewe, "Karibu, mama. Karibu, pita ndani." Wapita njia wanahama upande wa pili wa barabara.

Fundi cherehani anatenganishwa naye na ukuta mmoja tu. Anasema humo ndani viti vinalia usiku kucha, kimoja baada ya kingine, kama watu wanaosogea kumpisha mwingine akae. Na Fundi Friji anaishi peke yake.