Redio Alivyomfutisha Kimya Jibu Lake

Kisa hiki nilihadithiwa na mwalimu mwenyewe Jumapili iliyopita, alipokuja kunijulia hali akanikuta nachambua maharage. Nawaandikia wajukuu zangu kama nilivyokipokea.

Darasani kwake kulikuwa na msichana aliyeitwa Redio. Akishika kitabu na kusoma kwa sauti, hata watundu wa dawati la nyuma walitulia tuli. Jioni, akishaosha vyombo, wenzake walikusanyika barazani kwao kujiandaa kwa mtihani wa kuingia sekondari ya bweni. Mtihani huo ulikuwa na vifungu vya falsafa, na hivyo ndivyo vilivyowatoa jasho.

Siku moja mwalimu aliwapa kifungu wakakisome, kesho yake wajibu maswali ya majaribio. Kilianza hivi: "Wapo wanaosema kwamba uongo unaomfariji mtu si uongo, bali ni huruma." Redio alikisoma chote bila kukwama hata mara moja. Alipomaliza, hakuwa ameambulia kitu. Lakini macho yote yalikuwa kwake.

"Haya, mwandishi anasemaje?" mmoja akauliza.

"Si hayo ya mwanzo? Uongo wa kufariji ni huruma," Redio akajibu upesi.

Rafiki yake Kimya, msichana wa maneno machache, akasema, "Mimi naona anawapinga hao. Huku chini anauliza kama wewe mwenyewe ungependa kufarijiwa hivyo."

"Kimya nawe! Mtu bado anasoma kwa kidole, atatufundisha falsafa?" Redio akamcheka.

Wakaangua kicheko. Kimya akachukua ufutio, akafuta alichoandika.

Kesho yake kundi zima lilikosa swali kuu. "Mmeambukizana nini ninyi?" mwalimu akauliza. Redio aliinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Mapumzikoni Kimya alimfuata. "Shoga yangu, mimi huo mtihani sifanyi. Kichwa changu kizito. Nimeshaamua, nitamwambia mama."

Nyumbani Redio alikiweka chakula kando. Alikisoma tena kile kifungu, safari hii polepole, bila sauti. Aya ya tatu ilianza: "Lakini hoja yao haisimami." Uso ukamwaka moto. Kimya alikuwa amepata tangu mwanzo.

Asubuhi, kabla mwalimu hajaandika tarehe ubaoni, Redio alisimama.

"Mwalimu, lile jibu ni langu. Sikuelewa, nikaona haya kusema. Kimya alikuwa amepatia, nikamcheka mpaka akafuta."

"Leo Redio imekata mawimbi!" mtu akanong'ona nyuma. Mwalimu hakucheka. Alimwita Kimya mbele asome.

Kimya alisoma kwa kidole chake, akitua kila mwisho wa sentensi. "Hapa wanasema wale wengine... hapa bado ni wao... hapa sasa ni mwandishi mwenyewe, anawakatalia." Redio, bado amesimama, aliangalia sakafu. Lakini alisikiliza kila neno.

"Wanangu," mwalimu akasema, "kifungu kigumu ni kama ugomvi wa jirani unaousikia ukutani. Ujue kwanza nani anasema, na anamjibu nani. Kisha yarudie kwa maneno yako. Yakikushinda, sema hujaelewa, tutakusaidia. Ukijifanya umeelewa, unapotea na kuwapoteza wanaokuamini. Redio, umekosa, ila leo umefanya jambo la maana."

Jioni ile barazani Redio alikaa pembeni. Walipofika sentensi ndefu, alijikaza. "Hapo sijaelewa. Kimya, nisaidie. Na unisamehe, ndugu yangu. Huo mtihani usiuache kwa sababu yangu."

Kimya akasogeza kitabu katikati. "Sogea hapa basi, huko huoni maandishi," akasema. "Nitaufanya. Lakini ukinicheka tena, nakunyamazisha mwenyewe!"

Wenzao walipoondoka na mama yake akalala, Redio alijilaza kitandani, aibu bado imemkaa kifuani. Akajirudishia kile kifungu kwa maneno yake mwenyewe, nani kasema, nani kakataa, mpaka usingizi ukamchukua.