Mtungi wa Sita

Kila alipotoka shule, Darubini alivua sare, akala alichowekewa, kisha akaingia kwenye karakana ya mama yake nyuma ya nyumba. Jina hilo la utani alipewa na wateja kwa ukali wa macho yake. Mama yake alikuwa mkaguzi wa mitungi ya hewa ya wapiga mbizi, na tangu macho yake yaanze kufifia, kazi ya kuchungulia shingo za mitungi alimwachia binti yake huyo wa miaka kumi na mitatu.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Mitungi ya alumini ya zamani huweza kufanya nyufa shingoni, pale vali ya kufungia hewa inapokazwa, nyufa nyembamba kama unywele. Ukiujaza hewa mtungi wa namna hiyo, unaweza kupasuka na kumuua aliye karibu. Ndiyo maana Darubini aliingiza tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno, akakizungusha polepole, asiruke mahali.

Siku ile mitungi ilikuwa sita. Alipomaliza wa tano, kioo kilimponyoka, kikaanguka sakafuni na kuvunjika vipande vipande. Kilikuwa kipya, na mama alishamwonya mara mbili asikishike ovyo ovyo. Mama alikuwa ametoka nje kidogo, na Darubini akafagia upesi kabla hajarudi.

"Vipi, mwanangu, yote tayari?" mama aliuliza aliporudi mezani kwake.

"Yote sawa, mama." Ulimi ulishamtangulia.

Mama akakaza vali, akabandika stika sita za ukaguzi, kila moja na tarehe yake.

Kesho yake alasiri alikuja mwenye mitungi, mpiga mbizi mnene aliyefanya kazi ya kukwangua matumbo ya meli chini ya maji. Wote walimwita Kobe, kwa vile alivyotembea polepole na mtungi mgongoni.

"Darubini, umeichungulia mitungi yangu mpaka utumbo?" akatania.

"Huyu hata sindano iliyopotea mwaka juzi anaiona," mama akajibu kwa majivuno. "Akisema sawa, mimi sirudii kutazama."

Sifa hizo zilimchoma. Darubini aliinamisha kichwa, akatamani ardhi immeze. Mama alikwisha kuwasha kompresa, mashine ya kujazia hewa, na mtungi wa sita, uliokuwa karibu na mlango, ndio aliouvuta kwanza.

"Mama, usiujaze." Sauti ilitoka kwa taabu. "Huo sikuutazama. Kioo kilivunjika, nikaogopa kusema."

Mama akazima kompresa. Kobe akaacha kucheka. Mama hakugomba, na afadhali angegomba. Alitoa kioo kingine kabatini, akafungua vali, akasema, "Tazama."

Darubini alitazama mara mbili. Hapakuwa na ufa. Alishusha pumzi, akadhani yameisha.

"Sasa bandua stika," mama akasema. "Zote sita."

"Lakini mama, ile mitano niliitazama kweli."

"Huenda. Mimi nitajuaje?"

Darubini akainamia mitungi. Alizibandua moja moja, Kobe akimwangalia, kisha akamgeukia na kumwomba radhi kwa kumchelewesha.

"Nitasubiri, mwanangu," Kobe akasema. "Nina watoto watatu nyumbani. Sina haraka ya kuwaacha."

Wakaanza upya. Darubini alitazama kila mtungi, na mama akatazama baada yake, miwani imemshuka puani, akichukua muda mrefu mno. Mtungi wa mwisho ulipokwisha, mama akamshika bega.

"Kioo kinanunuliwa. Leo mtungi ulikuwa mzima, lakini wewe hukujua. Ulibahatisha, tena kwa uhai wa baba wa watu. Ukivunja kitu, sema umevunja. Utaona aibu kidogo, basi, na sisi wengine tutabaki salama."

Darubini alifuta machozi kwa kiganja. "Na kesho, mama, utakuwa unarudia kutazama baada yangu?"

"Kesho, na keshokutwa," mama akasema, akimpa stika mpya aandike tarehe. "Mpaka siku nitakapokuamini tena, hata nisahau kurudia."