Maneno Yaliyokuwa Kwenye Gunia

Kila siku Luciana aliamka mapema. Alichota maji, akasaga ulezi, akapika uji, kisha akaenda shamba. Saa kumi alasiri alinawa miguu, akachukua daftari lake, akaenda kisomo pale kwenye godauni la kijiji.

Mume wake, Modesti, hakwenda. Yeye alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alisema balozi hawezi kukaa benchi moja na mke wake na kuimba a-e-i-o-u.

Kiburi hicho nusura kiwaue watoto wake kwa njaa. Naandika hadithi hii nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Ila si Modesti peke yake anayenikasirisha.

Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa karibu na Laela, Ufipa. Mwezi wa Aprili, mwaka 1975, lori la kampuni ya mbolea lilifika. Ndugu Clemens, mtu wa kampuni, alisimama juu ya lori akahutubia.

"Ndugu wananchi! Kwa nini mnajitesa na intumba? Chomeni majani! Rutuba tutawaletea ndani ya magunia!"

Kama hutoki Ufipa, nikueleze. Mvua zinapokaribia kwisha, Wafipa hukata majani, huyakusanya mafungu mafungu, huyafunika kwa mabonge ya udongo. Vilima hivyo ndivyo intumba. Juu yake hupandwa maharage. Ndani majani huoza. Mvua mpya zikianza, kilima hufumuliwa na udongo wake husambazwa, hapo hupandwa ulezi au mahindi. Ni kazi ya kuvunja mgongo, lakini imewalisha watu tangu enzi za mababu. Ndugu Clemens aliifuta kwa robo saa.

Watu walipiga makofi. Modesti alipiga kuliko wote. Majani yalipokauka, aliyachoma yote ili awe mfano kwa nyumba zake kumi.

Novemba mbolea ilifika. Lori lilishusha magunia, likageuza, likaondoka. Modesti alitia konzi moja ya mbolea katika kila shimo. Juu ya mbolea aliweka mbegu, akafukia.

Wiki mbili zilipita. Shamba lilikuwa tupu. Luciana alifukua shimo moja, akakuta mbegu nyeusi, imeoza.

"Mbolea ilikuwa kidogo," alisema Modesti. "Safari hii tutaweka konzi mbili."

"Mbegu utatoa wapi?"

"Ile ya kwenye kibuyu."

"Hiyo ndiyo ya mwisho, Baba Evaristi! Isipoota, watoto watakula nini mwakani?"

"Yule wa kwenye lori amesoma. Wewe umesoma?"

Luciana aligeuka, akaenda kunawa miguu.

Alasiri hiyo alikwenda kisomo. Mwalimu Tusajigwe, mama wa Kinyakyusa aliyehamia kutoka Tukuyu, alikuwa amewaagiza walete kitu chochote chenye maandishi kutoka nyumbani. Mmoja alileta karatasi ya sabuni. Luciana alileta gunia tupu la mbolea, lile alilofunikia kuni.

"Haya, mama, tusomee," alisema Mwalimu.

Luciana aliweka kidole chini ya herufi.

"U-si-cha-nga-nye... Usichanganye mbolea na mbegu. I-ta-i-u-ngu-za."

Wenzake walisogea kulitazama gunia.

"Endelea, mama."

"Weka mbali na mbegu, vi-do-le vi-nne. Fukia kwa udongo."

"Na kipimo chake ni kizibo cha soda," alieleza Mwalimu. "Kimoja tu kwa shina. Si konzi."

"Mwalimu, maneno haya yalikuwepo hapa tangu siku ile magunia yaliposhushwa?"

"Yalikuwepo."

Luciana alikunja gunia, akatoka mbio kwenda shambani.

Modesti alikuwa amepanda mistari mitatu.

"Fukua!" alipiga kelele Luciana. "Fukua mbegu zetu!"

"Mwanamke, unanipigia kelele mbele ya majirani?"

Luciana alilitandaza gunia mbele yake. "Soma!"

"Unajua sijui!"

Ilikuwa mara ya kwanza Modesti kulisema neno hilo kwa sauti. Luciana alimsomea, taratibu, kidole kikifuata kila neno. Modesti alikaa chini kwenye udongo. Kisha alipiga magoti, akaanza kufukua. Walitoa mbegu moja moja, wakazipangusa. Walipanda upya kwa vidole vinne na kizibo cha soda, na safari hii mahindi yaliota.

Februari Ndugu Clemens alirudi na kamera, amesimama juu ya lori. Alifurahi sana alipoona mahindi ya Luciana.

"Mama, simama hapo. Tupige picha ya mbolea yetu!"

"Shuka kwanza, Ndugu. Jirani zangu wawili waliunguza mbegu zote. Mbona huwapigi picha wao?"

"Lakini maelezo yapo kwenye gunia, mama."

"Yapo kwa nani?" aliuliza Luciana. "Mlitushushia maandishi sisi tusiojua kusoma, mkaenda zenu! Mkatuambia tuache intumba bila kumuuliza hata bibi mmoja wa kijiji hiki!"

Mwalimu Tusajigwe aliongeza kwa utulivu. "Ndugu, mbolea yako inalisha mmea wa mwaka huu. Majani yaliyooza yanalisha udongo wenyewe. Vyote viwili vinaweza kukaa shamba moja."

Ndugu Clemens alishuka kwenye lori. "Basi mnataka nini?"

"Ubao, chaki na madaftari," alisema Luciana. "Na wewe uje ushike jembe."

Nisiwanyime haki yao: kampuni ilileta vyote. Aprili Ndugu Clemens mwenyewe alikaa wiki nzima. Bibi Kristiana, mama yake Modesti, alimfundisha kufukia majani. Viganja vya Ndugu Clemens viliota malengelenge. Nakiri kwamba nilifurahi.

Walivuna maharage ya intumba, wakala na wakaweka mbegu. Mwezi wa Novemba walifumua vilima, wakakuta udongo mweusi na laini. Siku chache baadaye lori liliingia kijijini. Vijana walikimbilia magunia.

"Ngojeni!" alisema Modesti. "Hakuna gunia litakaloshuka kabla halijasomwa."

Alikuwa na miezi tisa tu kisomoni, benchi moja na mke wake. Alisogea kwenye gunia la kwanza, akaweka kidole chini ya herufi. Alisoma polepole mno. Dereva alitazama saa yake, akazima injini. Ndugu Clemens alivua kofia.

"...vi-do-le vi-nne," alimaliza Modesti. Alifuta jasho, akamgeukia mke wake. "Ndivyo, Mama Evaristi?"

"Ndivyo," alijibu Luciana. "Sasa shusheni."