Upande wa Kushoto wa Mellen

Katoni ilimpiga Moraa kichwani saa tatu asubuhi, siku ya soko, mbele ya watu wasiopungua mia moja wa Migori, na kati ya hao hakuna hata mmoja aliyejizuia kucheka. Chai aliyoibeba ilimwagikia sketi yake ya kijani, ile iliyopigwa pasi kwa ajili ya Sabato na kuvaliwa Jumatatu kwa maringo tu.

"Pole, dada! Ni upepo," alisema mwenye katoni.

"Upepo ndio uliokuwa umeibeba kwapani?"

Mwenye katoni aliitwa Levis Mirumbe. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe limetapakaa madoa ya simiti, na pua yake ilikuwa na desturi ya kufika mahali kabla yake. Alikuwa fundi kutoka Homa Bay, mtengenezaji wa zile nguzo fupi za simiti zinazopiga foleni kwenye baraza za watu waliofanikiwa. Asubuhi hiyo alikuwa akitafuta karakana ya Mogire huko Suna. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna mtu wa kompyuta pale anayeweza kumtengenezea kalibu ya kumwagia simiti ya nguzo mpya.

"Mtu huyo ni mimi," alisema Moraa akikamua sketi. "Na leo nimekasirika."

Walipofika karakanani, Moraa aliilaza katoni mezani. Ilikuwa imekatwa kwa umbo la nusu ya nguzo, yaani shingo, tumbo na kiuno, kana kwamba nguzo imepasuliwa kwa panga toka juu hadi chini. Aliufuata ukingo wake kwenye kompyuta mpaka akapata mstari mmoja bapa usio na uzito wowote. Kisha akaweka mhimili, akaiamuru programu izungushe. Mstari ukazunguka, ukajaa, ukawa nguzo nzima yenye tumbo na kivuli chake.

Levis aliikodolea macho skrini kama mtu aliyeenda kanisani kwa mazoea akakuta muujiza.

"Rudia," alisema.

"Kaa hivyo hivyo. Tazama mlango. Usitikisike."

Moraa alimpiga picha ya upande, akafuata paji la uso, pua, midomo na kidevu, kisha akazungusha. Kwenye skrini kikatokea kitu cha ajabu, chenye pua iliyozunguka pande zote kama ukingo wa kofia, na midomo kama matairi mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, ukitazama kila msichana kwa wakati mmoja. Si ndivyo mlivyo huko Homa Bay?"

Levis alicheka mpaka Mogire akatoka nyuma kuona ni nani anayenyongwa. Halafu, kwa uzito wa mkuu wa shule anayetangaza kwamba maharage yamekwisha, Levis akaagiza kalibu ya hiyo pia.

Wiki mbili baadaye alimtumia picha. Nguzo ya uso wake ilikuwa imesimama kwenye baraza ya nyumba aliyokuwa akiijenga, peke yake, na kando yake pengo. Juu yake alikuwa ametua kuku.

"Kuku amekupenda," Moraa alimwambia kwa simu.

"Amenipenda mchana kweupe. Huoni wivu?"

"Mimi sishindani na kuku, Levis."

"Basi njoo umfukuze, mpenzi."

Neno "mpenzi" lilipita pale kama mtu anayepita katikati ya darasa akidhani haonekani. Wote wawili waliliona. Hakuna aliyelifukuza. Jumapili iliyofuata Moraa alikuwa kwenye baraza hiyo, amevaa gauni la maua na viatu ambavyo havikuumbwa kwa ajili ya kokoto, akimfukuza kuku.

Hapa ndipo kicheko kinapovuliwa, kama kofia msibani.

Mama yake Levis, Mellen, alikuwa na saratani ya ini. Daktari alikuwa amempeleka Levis pembeni na kumwambia amrudishe mama nyumbani, akae kwa starehe. Levis alielewa starehe hiyo ni ya muda gani. Akaamua kwamba mama yake hatalala chini ya kigae chenye namba tu. Atalala chini ya uso wake mwenyewe. Lakini mtu anayepumua haandaliwi kaburi, kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo jambo hilo likawa siri.

"Nataka uso wa Mama," alinong'ona kwenye simu, amejibanza nyuma ya jiko. "Wa simiti. Wa... baadaye."

"Nitumie picha, mpenzi."

Alituma nne. Mellen mwenye kitambaa cha samawati harusini, Mellen akiuza mandazi, Mellen akishika mtoto wa jirani, Mellen akiomba. Zote zilikuwa za upande wa kulia, kana kwamba kila mara kulikuwa na mtu aliyemwita kutoka pembeni.

"Hana ya mbele?"

"Hapendi picha za mbele."

"Na mbona hujawahi kunipeleka ndani nikamwamkua?"

"Anaumwa, Moraa."

Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa sababu.

Moraa alifanya kazi siku tisa. Uso wa mtu si nguzo, ukiuzungusha unapata kofia. Alichora mstari wa upande kwanza, kisha mistari ya kukata, mmoja nyusini, mmoja shavuni, mmoja tayani, akikisia kina kwa kusoma vivuli vya picha. Aliiunganisha mpaka nusu ya kulia ikainuka kutoka kwenye ubapa wake. Halafu akafanya kile ambacho watu wa kazi hiyo hufanya bila hata kuwaza. Aliweka kioo katikati, akaiambia programu inakili kulia iwe kushoto. Ilichukua nusu sekunde. Mwanamke mzima akamtazama, mzuri na mtulivu, na Moraa akalia kidogo.

Akamtumia Levis Ijumaa mchana. "Mama yako, mpenzi. Wa kuweka juu ya kaburi. Mzungushe kwa kidole."

Levis alikuwa nje akikoroga simiti. Simu ilikuwa kitandani kwa Mellen, ikimwimbia kwaya.

"Levis!" mama aliita. "Ni nani huyu mwanamke mzuri aliyekufa?"

Simu aliyopokea Moraa jioni hiyo haikuanza kwa salamu.

"Umemfuta."

"Nimefanya nini?"

"Upande wa kushoto! Nani alikuambia uubuni?"

"Ulinipa upande mmoja, Levis! Huo mwingine ningeujuaje?"

"Ungeuliza!"

"Niliuliza!"

Sauti ya Levis ikashuka, ikawa mbaya zaidi. "Ameona kaburi lake, Moraa. Mikononi mwake. Usinipigie tena."

Moraa alifuta namba yake, jambo lisilosaidia chochote, maana aliijua kwa moyo. Siku kumi na moja alichora mageti ya watu na kuyakosea vipimo. Mogire, mtu mkali, alimletea chai, na hapo ndipo Moraa alipojua jinsi hali ilivyokuwa mbaya.

Siku ya kumi na mbili namba ile ikapiga. Sauti ilikuwa ya mwanamke, nyembamba.

"Wewe ndiye uliyeninyoosha uso?"

"Mama... nisamehe."

"Njoo na vipimo vyako. Na uje upesi, mwanangu. Mimi sina ratiba ndefu."

Moraa alifika Homa Bay kesho yake, amevaa gauni la kijivu bila mkufu, na waya laini mkobani. Levis alikuwa ameenda kununua dawa. Mellen alikuwa ameketi kitandani, amegeukia ukuta. Akageuka taratibu.

Kuanzia sikio hadi tayani, ngozi ya kushoto ilikuwa imevutwa na kung'aa, kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Jicho lilikuwa limeteremshwa. Sikio lilikuwa nusu.

"Hakukuambia."

"Hapana, Mama."

"Alikuwa na miaka minne. Alilivuta karai la mandazi. Nilimsukuma, mafuta yakanipata mimi. Miaka ishirini na miwili anatembea kuliani kwangu ili asiuone upande huu. Nami nikadhani anaona haya kwa sababu yangu, nikawa nawageuzia watu shavu zuri. Wajinga wawili katika nyumba moja." Alipumzika, akavuta pumzi. "Ule uso wako ni mzuri sana. Lakini ni wa mwanamke ambaye mtoto wake aliungua. Mimi wangu hakuungua. Rudisha kovu langu."

Moraa aliulaza waya juu ya lile shavu, akiubonyeza pole pole ufuate kila bonde, ili baadaye aulaze kwenye karatasi na kuuchora.

"Bonyeza. Hakuumi tena," alisema Mellen, kisha akatazama mlangoni. "Na wewe, ingia. Tangu lini mwenye nyumba anapiga hodi kwa kusimama?"

Levis alikuwa pale na mfuko wa dawa. Haijulikani tangu lini.

"Njoo ushike ncha ya waya. Si huko. Huku, Levis. Kushoto."

Alizunguka kitanda. Hatua nne zilimchukua muda mrefu kuliko safari ya Migori. Alishika waya chini ya sikio la mama yake, na kidole chake kikagusa kovu.

"Niliogopa ukiuona upande huu utajua mimi ni nani," alimwambia Moraa bila kumtazama.

"Sasa nimejua. Shika vizuri, unatikisa."

Mellen alifariki Jumatano, alfajiri, kabla simiti haijamwagwa kwenye kalibu. Alizikwa kwao, upande wa Isebania, mvua ikinyesha, na wiki tatu baadaye Levis na Moraa waliusimamisha uso kichwani pa kaburi. Dada yake marehemu aliuzunguka kutoka kulia hadi kushoto, akashika mdomo.

"Ndiye," alisema.

Waliporudi Homa Bay walikaa kwenye ngazi ya baraza, bado na matope ya makaburini viatuni. Kuku hakuonekana. Nguzo ya pua ilisimama peke yake, na pengo kando yake. Levis aliingia ndani, akatoka na katoni, akampa Moraa mkononi safari hii. Ilikuwa imekatwa kwa umbo la nusu. Paji la uso, pua ndogo, midomo, kidevu.

"Nilikata kwa kukumbuka. Nilitaka Mama alione pengo likizibwa. Nimechelewa."

"Ni nini hii, Levis?"

"Ni swali."

Moraa aliinua katoni kwenye mwanga wa mwisho, akaikagua kwa ukali wa kazi.

"Kidevu si changu."

"Na mengine?"

"Umenikata upande mmoja."

Levis akainamisha kichwa. Moraa alifungua mkoba akautoa waya, ambao bado ulikuwa umejipinda kwa shavu la Mellen, akautazama na asiunyooshe. Akaulaza magotini pa Levis.

"Huu si wa kutumia tena," alisema. "Tafuta mwingine, mpenzi. Kisha uje unipime. Pande zote mbili."

Levis akafuta uso kwa mkono wa shati, akainuka kwenda kutafuta waya.