Kamera Mpya ya Castory

Rafiki yangu Castory, mwindaji wa kanga kule Mwandiga, alishuka Kigoma mjini kutafuta kamera ya bei nafuu ya kurekodi mawindo yake. Nasra, mwenye duka, akamfungulia boksi jipya.

"Hii inamfaa anayeanza, kaka."

Umeme ulikuwa umekatika na duka lilikuwa giza. Castory akabonyeza kitufe, kamera ikawaka. Kiooni hapakuonekana kitu, ila yalisikika majani makavu yakivunjika, na mtu akihema. Kisha ikaja sauti ya mdogo wake Yona, aliyepotea porini mwaka juzi: "Kaka, usizime."

"Yona, uko wapi?"

Sauti ikazidi kufifia. Castory akalia, "Dada, chaji inaisha! Fanya kitu!"

Nasra akafungua kiganja. Betri ya kamera alikuwa nayo yeye, bado imefungwa kwenye nailoni.